Kabaila wa Miaka Ishirini

Kijiwe chetu cha Kashai kina benchi moja, birika moja la mzee Saburi, na ofisi moja ng'ambo ya barabara ambayo jina lake naliacha, maana bado naihitaji. Mwaka huu wa sabini na tatu ofisi imepata mihuri miwili mipya, na tangu hapo kila jambo huchukua muda mara mbili. Ijumaa alasiri tulimwona Anatory akitoka huko. Anasomea muziki na maigizo chuoni Mwanza. Kwapani alikuwa na enanga yake, chombo chetu cha nyuzi kilichochongwa kama mtumbwi mdogo; mkononi, barua ya ruhusa isiyo na mhuri. Bila mhuri chuo hakimpokei Jumatatu, na meli ilikuwa inaondoka jioni hiyo hiyo. Akajibwaga benchini kama gunia la buni.

— Vipi tena, mwanangu? Saburi aliuliza, akimmiminia kahawa.

— Wanasema mimi ni kabaila.

Karugendo, tunayemwita Katibu kwa kuwa aliwahi kuwa karani wa ushirika, akakitazama kiraka cha suruali ya kijana.

— Kabaila wa nini?

— Wa ardhi. Si mnajua tulionyesha mchezo kule Buganguzi, wa kuwaelimisha wananchi? Nilicheza bwana anayewanyonya wakulima. Ofisa wa hapo ng'ambo alikaa mbele na daftari. Niliposema, "Mashamba yote haya ni yangu," akaandika. Leo kanisomea. Anauliza kama nakana kutamka hayo mbele ya watu mia mbili.

— Ukamjibuje?

— Nilitamka, tata, mzee wangu. Nikane vipi?

— Hapo ndipo ulipoharibu, Katibu akasema. Ofisini mtu hakiri kitu kabla hajaonyeshwa fomu.

Bashiri fundi cherehani, ambaye jina lake hapa ni Redio, akatikisa kichwa.

— Kosa ni wimbo. Mimi nilikuwepo. Alipoupiga wimbo wa yule bwana kwa enanga, wazee walilia! Mmoja alipiga magoti kabisa, akamwamkia "Kasinge, waitu," kama wakati wa watawala.

— Na hilo liliandikwa, Anatory akasema. "Aliamkiwa, akaitikia."

— Uliitikia?

— Mzee kapiga magoti, nimwache hapo chini?

Tukakubali kwamba asingeweza.

— Wimbo niliutunga mwenyewe. Mwalimu alinipa alama themanini.

— Ungepata arobaini, Redio akasema, sasa hivi ungekuwa unafunga mzigo.

Katibu akasogea, akapunguza sauti.

— Nyie hamjui makaratasi. Juu wameagiza majina ya makabaila watatu. Hapa walipatikana wawili, na mmoja kafa.

— Basi watakuja kuchukua shamba la huyu kijana, Saburi akasema.

— Shamba lipi? Anatory akasema. Ni migomba kumi na minne ya mama!

— Watachukua enanga, Redio akadakia. Itaifishwe, iwe mali ya umma, tuipige kwa zamu.

— Hapana. Katibu alishafika mbali. Watampa shamba kwanza, kubwa, kwa barua. Wiki inayofuata wanamnyang'anya. Faili lazima likamilike.

Hatukucheka sana. Lilisikika kama jambo linalowezekana.

— Nimechoka, wazee wangu, Anatory akasema. Mwaka wa kwanza nilicheza mti. Nilisimama saa nzima, hakuna aliyeniandika popote.

Mama mmoja alikuwa ametua mkungu wake wa ndizi karibu nasi, anapumua. Joviana, mkulima wa Buganguzi. Naye aliuona mchezo.

— Samahani, waitu. Yule kijana aliyekuwa mkulima maskini, mwishoni si alipewa shamba?

— Alipewa, mae. Ekari sita.

— Ofisa naye aliliandika?

— Aliandika. Nilimwona.

— Basi wameshamwonyesha liko wapi?

Saburi aliinua birika, akalirudisha bila kummiminia mtu.

Anatory alinikabidhi enanga, akakunjua barua yake, akavuka barabara kwenda kuuliza ekari hizo sita ziko wapi. Ofisi hufungwa saa tisa na nusu. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini na tano.