Mama Foleni, Aliyekataa Kukata Mstari

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi nyote mliokuja kutushika mkono: huyu tunayemlaza leo alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Machi 1949, saa nne asubuhi, katika chumba cha pili cha nyumba namba kumi na saba, kwenye safu ya nyumba za wafanyakazi wa reli. Alikuwa wa tatu kati ya watoto watano. Baba yake alikuwa fundi wa mabehewa, na mama yake alikuwa fundi cherehani aliyeshonea barazani. Ndugu zake wanne walikuwa na rangi ya maji ya kunde. Yeye alitoka mweusi tii, miguu mirefu, masikio yamebana kichwani kama yamegundishwa. Watoto wa mtaa wakampachika jina la Wakuokota. Shangazi yake, ambaye ulimi wake haukuwa na breki, aliwahi kuuliza mbele ya wageni:

"Wifi, hivi huyu kweli ni wa humu?"

Mama mtu hakuinua hata uso. "Mkunga yupo nyumba namba tisa. Kamuulize. Ukirudi, nipitie na uzi mweusi."

Marehemu alikuwa na miaka sita, amekaa chini ya meza ya cherehani akiokota vifungo, na alisikia yote. Alisimulia mara nyingi kwamba tangu siku hiyo alianza kutazama watu kwa makini: masikio, vidole, nyusi, namna mtu anavyokunja mkono. Haikumchukua muda kugundua kwamba masikio yake yalikuwa ya bibi mzaa baba, na kwamba kidole chake cha pili cha mguu, kile kilichokipita kidole gumba, alikuwa nacho mtu mmoja tu mwingine katika ukoo mzima: shangazi mwenyewe. Alikaa kimya na siri hiyo kwa miaka ishirini na minne. Siku alipoitoa, shangazi alicheka hadi akavua viatu ili kila mtu aone.

Alisoma shule ya msingi ya reli kuanzia 1956 hadi 1963, kisha sekondari ya wasichana, na Julai 1970 akaingia chuo kikuu kusoma biolojia. Mwaka wa pili alihamia anthropolojia, kwa sababu, kama alivyomwandikia baba yake, alitaka kujua kwa nini watu wanatofautiana na kwa nini tofauti hizo zinawatia watu kichaa. Huko alikutana na profesa mmoja aliyekuwa na chumba kizima cha mafuvu, kila moja kwenye sanduku lake, kila sanduku na lebo ya kabila au ya kile kilichoitwa aina ya watu. Profesa aliwapa wanafunzi sita mafuvu thelathini, bila masanduku, wayapime na kuyagawa katika makundi matano. Wote sita walipima kwa uangalifu. Hakuna wawili waliopata mgawo unaofanana. Profesa alisahihisha kwa kutazama lebo, na marehemu akapata kumi na moja kati ya thelathini.

Alikwenda kwa mtunza stoo, mzee mmoja wa koti la kaki, kumuuliza nani aliyeandika zile lebo.

"Binti yangu," mzee alisema, "tulipohamia jengo hili mvua ilitukuta njiani. Lebo zilibanduka karibu zote. Tukazirudisha."

"Mlijuaje ipi ni ya lipi?"

"Tulikisia. Profesa alikuwa likizo, na sisi tulikuwa na haraka."

Alimpelekea profesa habari hizo mchana uleule. Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasema, "Endelea na masomo yako." Lebo zilibaki mahali pake. Na yeye, tusimpambe kuliko alivyojisema mwenyewe, aliendelea na masomo yake. Alikuwa na miaka ishirini na mbili na alitaka kufaulu.

Aliajiriwa idarani tarehe 2 Septemba 1974 kama msaidizi wa maabara. Tarehe 23 Aprili 1977 alifunga ndoa na mpiga picha wa studio iliyokuwa mkabala na posta. Walikutana alipokwenda kupiga picha ya kitambulisho. Picha ya kwanza ilitoka na macho na meno tu, na uso umezama gizani. Kijana akamwomba msamaha, akasogeza taa, akapiga tena, akasogeza tena, hadi mara ya tano.

"Filamu hii," alisema, "walioitengeneza hawakukufikiria wewe."

"Basi nifikirie wewe," marehemu akamjibu, na mumewe, ambaye yupo hapa mbele, anasema hajaacha hadi leo. Walijaliwa binti mwaka 1979 na mtoto wa kiume mwaka 1982. Yule wa kiume alipozaliwa mweupe kuliko wote, mama mkwe alianza kuguna. Marehemu hakugombana naye. Alileta albamu, wakakaa sakafuni wawili, wakafungua ukurasa kwa ukurasa, hadi mama mkwe mwenyewe akaweka kidole juu ya picha ya kaka yake na kusema, "Ala! Kumbe huyu karudi."

Kuna jambo ambalo marehemu aliagiza kwa maandishi lisiachwe katika wasifu huu. Mwezi Agosti 1978 polisi walileta idarani mifupa ya mtu asiyejulikana, aliyeokotwa kando ya barabara kuu. Fomu ilikuwa na mistari ya umri, jinsia, urefu, na mstari mmoja ulioandikwa "Asili". Wakati huo watu wa milimani na watu wa bondeni walikuwa hawaivi chungu kimoja, na kila upande ulikuwa na watu waliopotea. Profesa alikuwa amesafiri. Marehemu alipima fuvu, akatazama jedwali la vipimo la profesa, akaandika: bonde. Mifupa ikakabidhiwa watu wa bondeni, wakaizika.

Miaka minne baadaye aliingia ofisini mwake mwanamke mmoja wa milimani, ameshika kikadi cha mwanawe cha daktari wa meno, kimekunjwa hadi kimelainika kama kitambaa.

"Wewe ndiye uliyesema si wangu?"

Marehemu alichukua kadi, akafungua faili. Meno yalilingana moja baada ya jingine, hata lile lililovunjika pembeni. Alitaka kusema kuhusu jedwali, kuhusu profesa, kuhusu fomu. Alisema, "Ndiyo, mama. Ni mimi."

"Nilikuja hapa mwaka ule wa kwanza. Mlangoni wakaniambia aliyeokotwa ni wa bondeni, nisijisumbue. Uliona nini kwenye kichwa cha mwanangu?"

"Sikuona kitu. Niliandika nilichotakiwa kuandika."

Kaburi lilifunguliwa, kijana akarudishwa kwao. Watu wa bondeni waliomzika walikuja nao, maana walikuwa wamemlilia miaka minne na hawakujua waweke wapi machozi yale. Mama wa kijana hakutamka neno la kusamehe, si siku ile wala baadaye. Ila kila mwaka marehemu alipokwenda kumjulia hali, mama huyo alimfungulia mlango na kumpa kiti, hadi mama huyo alipofariki mwaka 2003.

Aliporudi kazini mwaka huo wa 1982 alianza na stoo. Alibandua lebo zote, na kwa kila fuvu akaandika tu yale yaliyojulikana kweli: lilipatikana wapi, mtu alikuwa na umri gani, aliumwa nini. Kazi hiyo ilimchukua miezi kumi na minne. Mtunza stoo, aliyekuwa karibu kustaafu, alimshikia ngazi na kulalamika mwanzo hadi mwisho.

Jina la Mama Foleni alilipata baada ya kuwa mhadhiri, kwa somo lake la kwanza la kila mwaka. Aliwatoa wanafunzi wote ukumbini na kuwapanga kwenye korido, kutoka mweusi zaidi hadi mweupe zaidi. Vicheko vilikuwa vingi, watu wakiviringisha mikono ya mashati kulinganisha. Kisha alitoa kipande cha chaki na kumpa mmoja wao.

"Haya, kata mstari. Huku aina moja ya watu, huku aina nyingine."

Mwanafunzi alitembea toka mwanzo hadi mwisho, akarudi. Kila alipoinama kuchora, wawili waliosimama pale walikuwa karibu sawa. "Mwalimu, hakuna pa kukata."

"Vizuri. Sasa jipangeni kwa urefu."

Foleni yote ilivurugika. Wa mwanzo akaenda katikati, wa katikati akaenda mwisho. Akawapanga tena kwa kundi la damu, ikavurugika upya, na watu waliokuwa ncha mbili za rangi wakajikuta bega kwa bega. Hapo ndipo alipowaambia kwamba tofauti za miili yetu ni za kweli, zinabadilika kidogo kidogo kutoka pahali hadi pahali, na hazisafiri pamoja kama mizigo ya abiria mmoja. Rangi ya ngozi inafuata ukali wa jua la mababu. Selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ilienea kule malaria ilikokaa muda mrefu, bila kuuliza nani ni nani. Na ukichukua tofauti zote za damu za wanadamu, sehemu kubwa utaikuta ndani ya kijiji chochote kimoja.

Mwaka fulani kijana mmoja alinyoosha mkono. "Kwa hiyo, Mwalimu, makabila na rangi ni uongo?"

"Nenda kamwambie aliyenyimwa chumba cha kupanga kwa sababu ya jina lake kwamba ni uongo," alisema. "Makundi yapo. Tumeyatengeneza sisi, kwa historia, kwa lugha, kwa ndoa, kwa fujo. Usiyatafute kwenye mfupa, basi."

Februari 1991 jengo la ghorofa nne liliporomoka mjini, na miili kumi na mmoja haikutambulika. Nje ya chumba cha maiti zilisimama familia za milimani upande mmoja wa ua na za bondeni upande wa pili, na kila upande ulitaka wake kabla ya mwenzake. Ofisa aliyesimamia shughuli alimletea fomu ileile, na mstari uleule.

"Mama, andika chochote. Nikiwagawa leo, vurugu zimekwisha leo."

"Niliwahi kuandika chochote," alisema, na akapiga mkwaju juu ya neno "Asili" katika fomu zote kumi na moja. Alitishiwa kufukuzwa kazi, na kweli jina lake liliondolewa kwenye orodha ya waliopandishwa cheo mwaka ule na miaka mitatu iliyofuata. Alichukua kiti, akakaa katikati ya ua, akawaita watu mmoja mmoja. Aliwauliza nani aliwahi kuvunjika mkono utotoni, nani alikosa jino, nani alichechemea baridi ikizidi. Siku ya nne watu wa pande mbili walikuwa wamechanganyika kwenye mabenchi, kwa sababu kivuli kilikuwa upande mmoja tu na hadithi za watu wao zilikuwa zinafanana mno. Wiki tisa baadaye alikuwa amewatambua tisa. Wawili hakuweza, na alisema hivyo. Familia moja ilimtukana kwa hilo mbele ya watu. Alisimama akawasikiliza hadi walipomaliza, kwa maana walikuwa na haki.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2009. Mwaka 2017 figo zilianza kumsumbua. Karatasi ya maabara ilikuja na majibu mawili ya kipimo kimoja: la mtu mweusi, lililokuwa juu kidogo, na la watu wengine. Kwa jibu la juu, alikuwa bado anaweza kusubiri kabla ya kupelekwa kwa bingwa wa figo. Marehemu aliitazama karatasi ile, kisha akamtazama daktari, binti mdogo kuliko binti yake.

"Mwanangu, figo zangu zimejuaje rangi yangu?"

"Mama, hesabu ya mashine ndivyo ilivyo. Inachukulia kwamba watu weusi wana misuli zaidi."

"Nani aliipima misuli yangu akakuta imezidi? Hebu nishike mkono."

Daktari alimshika mkono. Ulikuwa mwembamba kama fimbo ya mwavuli. Akachukua kalamu, akamwandikia rufaa kwa jibu la chini. Miezi sita baadaye maabara ile iliacha kuchapa mistari miwili. Kuanzia Januari 2019 marehemu alisafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, na wauguzi wanasema alikuwa mgonjwa mzuri isipokuwa alikosoa namna walivyobandika plasta.

Mwishoni mwa Septemba 2022 moyo ulichoka, na aliomba kurudishwa nyumbani. Alhamisi tarehe 6 Oktoba, saa nne kasoro robo asubuhi, mumewe aliingia chumbani na kumshika shavu.

"Mkono wako wa baridi," marehemu alisema.

"Natoka kuosha vyombo."

"Viache. Kaa."

Mzee akakaa, na alikuwa bado amemshika mkewe alipoondoka duniani.

Ameacha mume; binti mmoja na mtoto wa kiume mmoja; mkwe wa kike na mkwe wa kiume; wajukuu watano; dada mmoja na kaka mmoja; wifi na mashemeji; na wanafunzi wa miaka thelathini na mitano, ambao asubuhi hii, bila kuambiwa na mtu, wamejipanga toka getini hadi hapa, kila mmoja pale alipopata nafasi.

Mwenyezi Mungu ampe pumziko lenye amani.