Bi Shamsia na Mfuko wa Funguo wa Ijuganyondo

Tarehe 30 Juni 1995 Bi Shamsia Omary anastaafu, baada ya miaka ishirini na mitatu katika karakana yetu ya ngozi hapa Miembeni, Bukoba. Ameshona viatu, mikanda na mikoba isiyo na idadi. Sindano yake hajamwazima mtu, hata mkuu wa karakana.

Vita vilipoanza mwaka 1978 na watu wakaukimbia mji, alifunga visu na nyundo za karakana ndani ya khanga, akajitwika, akaondoka na Eufrazia, mwenzake wa meza moja. Walipokelewa na wazazi wa Eufrazia huko Kishanda, Muleba, wakawa wanashonea watu ndala mpaka Bukoba ilipotulia.

Miaka kumi baadaye Eufrazia alikuwa kitandani kwake Ijuganyondo, amekonda kwa UKIMWI, ugonjwa ambao wakati ule tuliuita Juliana. Mumewe alikuwa ametangulia. Binti yao mkubwa, Kokuhirwa, alikuwa na wadogo wawili wa kulea. Kaka wa marehemu, Bwana Kagaruki, alikwisha kutangaza kwamba nyumba na kibanja chake cha migomba ni vyake.

Eufrazia alimwomba Bi Shamsia amshonee mfuko mdogo wa ngozi wa kutilia funguo za nyumba, binti auvae shingoni ndani ya gauni. Bi Shamsia alikuwa ndiyo kwanza ameikunja ngozi ya mbuzi na kutoboa matundu, Kagaruki akaingia na wanaume wawili.

"Mama, nipe hizo funguo."

Zilikuwa mapajani pa Bi Shamsia. Alizitia katikati ya ngozi, akaanza kushona.

"Tafadhali waitu, ngoja nimalize. Kazi hii ameniagiza mwenye nyumba, na bado anapumua."

Kokuhirwa alitoka kwa mlango wa nyuma, akakimbia kumwita balozi wa nyumba kumi. Bi Shamsia akawa anavuta uzi polepole, anaupaka nta, anafumua hata pale ambapo hakukosea. Mwanamume mmoja akamkamata mkono. Sindano ikamchoma Bi Shamsia kidole, damu ikadondokea ngozi. Hakuinua kichwa.

"Ukinishika nitaharibu, nianze upya."

Hatimaye balozi, Mzee Nathanieli, aliingia na majirani. Bi Shamsia akakata uzi. Eufrazia aliinuliwa akaketi, akamvika binti yake mfuko ule mbele ya wote.

"Nyumba hii ni ya wanangu. Mmenisikia?"

"Tumekusikia," majirani wakajibu.

Kagaruki alitoka akitukana. Baada ya mazishi alirudi na kufuli lake, akawakuta majirani wamesimama mlangoni, akaondoka nalo. Bi Shamsia alihamia pale zaidi ya mwaka mzima, akija kazini kwa miguu, mpaka watoto wakaizoea nyumba isiyo na mama.

Baadaye wajane wengi walikuja kuomba mfuko kama ule. Si wote waliobaki na nyumba zao. Alipompelekea mmoja wa Kishanda, alikuta mlango umekwisha kung'olewa na mama mwenyewe ameketi nje na vyombo vyake. Bi Shamsia alitaka hilo nalo liandikwe.

Nilipomuuliza niseme nini zaidi siku ya leo, alijibu, "Sema Eufrazia alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu."

Tumesema. Asante kwa yote, Bi Shamsia. Tunakuombea afya, usingizi mwema, na wageni wanaokuja kwako kwa heri tu.