Mguu wa Shosh

Siti yetu hapa Bondeni ilitoka kwenye lori lililoisha kazi. Ni ndefu, ya ngozi nyeusi, imepasuka katikati, na ukikaa vibaya springi inakukumbusha. Mimi naitwa Muhidin. Nauza kahawa chungu na kaimati, na jiko langu liko mbele ya siti hiyo, kwa hivyo nasikia kila kitu, hata yale ambayo ningelipa nisiyasikie. Kushoto hukaa Ndegwa, tunayemwita Injinia, aliyetengeneza malori kule Salgaa miaka ishirini. Katikati hukaa Kamande, jina la kazi Wakili. Hajasomea sheria, ila aliwahi kuwa shahidi kortini siku tatu mfululizo na hajapona mpaka leo. Rahab hukaa juu ya gunia lake la viazi vya Dundori kwa sababu siti inamla sketi. Kulia kabisa ni mahali pa mzee Ngigi, karani mstaafu wa reli. Alhamisi moja, saa nne asubuhi, mahali pake palikuwa wazi. Halafu tukamwona anakuja polepole, amekumbatia karatoni ya maziwa, macho mekundu kama mtu aliyekata vitunguu.

— Mzee Ngigi, habari ya asubuhi? nikamuuliza.

— Mbaya, Muhidin. Shosh ameumia mguu.

Rahab akaweka kikombe chini.

— Woi! Shosh gani? Si mamako tulimzika mwaka ile ya mvua mingi?

— Sio huyo.

— Pole sana, mzee, akasema Kamande. Amelazwa wadi gani?

— Hajalazwa. Niko naye hapa.

— Hapa wapi?

— Kwa karatoni.

Injinia akavua kofia. Rahab alianza kupiga ishara ya msalaba, na mimi najua kanisani kwao hawapigi ishara hiyo.

Ngigi akafungua karatoni. Ndani, juu ya gazeti, alikuwa amejikunyata kasuku mdogo wa kijani, hajai kiganja. Miguu yote miwili ilikuwa imefichwa chini ya manyoya ya tumbo.

Ndipo Ngigi akatueleza. Ndege ni wa binti yake, Natalie, anayesomea unesi Eldoret. Alimpa jina Shosh, yaani nyanya, kwa sababu tangu akiwa kinda alikuwa analalamika kutoka asubuhi mpaka jioni. Natalie alipoenda chuo alimwachia baba yake. Na kwa vile mama Natalie alishafariki, nyumba ile ina sauti mbili tu, ya mzee na ya ndege.

— Kila siku nikiamka ananiuliza, "Umelala?" akasema Ngigi. Namjibu. Tunabishana na redio pamoja. Tangu jana jioni hajasema neno. Na leo saa kumi Natalie anafika likizo.

— Ni nini ilimfanyia? akauliza Kamande.

— Paka, akasema Ngigi. Alisema akiangalia birika langu.

Injinia akasogea karibu na karatoni. Miwani yake aliiacha nyumbani, kama kawaida, kwa hivyo alimchunguza ndege kwa kumpumulia.

— Mimi naona hii shida wazi. Hapa bush imeisha.

— Ndege hana bush, nikamwambia.

— Muhidin, wewe uza kahawa. Kitu yoyote inasimama kwa miguu iko na bush, ile raba ya kwa maungio. Bush ikiisha, body inalala upande. Tunamuinua na jeki, tunapaka grisi, tunapima alignment.

— Jeki ya nini? akaruka Rahab. Huyu anataka supu. Shangazi yangu huko Keringet alivunjika kiuno, akanywa supu ya kuku wiki mbili, saa hii anachimba mtaro.

— Supu ya kuku? akauliza Kamande. Rahab, kuku ni mtu wao.

— Ndio maana mwili itaikubali haraka. Si hata sisi hospitali wanatafuta damu ya ndugu?

— Hiyo ni kumpikia mgonjwa binamu yake! Mbele ya jaji huwezi kueleza hiyo kitu!

Ngigi alikuwa ameingiza kidole kimoja ndani ya karatoni, anampapasa ndege kichwani. Hakuwa anatusikiliza.

— Natalie alimlea na kijiko cha chai, akasema polepole. Usiku baridi alikuwa anamlaza kwa kofia ya sufu.

Nikammiminia kahawa bila kumuuliza. Hakuigusa.

Injinia hakungoja ruhusa. Alichukua njiti mbili kwenye kiberiti changu, akaomba plasta kwa Rahab, ambaye hatembei bila plasta kwa sababu ya kisu cha kumenya viazi. Akamtoa Shosh kwenye karatoni na kumgeuza chali kama pikipiki. Shosh alimng'ata kidole cha shahada.

— Aaai! Mmeona? Nguvu anayo! Engine iko sawa, shida ni chini tu.

Akafanya kazi kwa kupapasa, ulimi umetoka nje. Alipomaliza, kila mguu ulikuwa na njiti ya kiberiti, plasta imezungushwa mpaka juu, na Shosh amesimama kwenye gazeti kama mtu aliyevaa gambuti.

— Mbona umefunga yote miwili? nikauliza.

— Huwezi badilisha tairi moja ya mbele. Gari itavuta upande.

— Lakini ulioumia ni mguu mmoja.

— Leo ni mmoja. Kesho je?

Muda huo wote Kamande alikuwa anaandaa kitu. Akasimama, akafunga kifungo cha koti.

— Nyinyi mnatibu, na hakuna mtu ameandikisha mashtaka. Huyu ndege amepigwa. Anafaa ajaziwe P3, ile fomu ya polisi ya majeraha. Mshukiwa ni paka. Ngigi, huyo paka ni rangi gani?

— Eh... rangi ya paka.

— Mkia?

— Uko.

— Andikeni hiyo: mkia uko. Sasa tunahitaji gwaride. Mlalamishi apitishwe mbele ya washukiwa amtambue mwenyewe. Muhidin, paka wako yuko wapi?

— Sultani? Sultani amelala kwa gunia ya unga tangu alfajiri. Hawezi kushika hata panya aliyekufa.

— Hiyo atajitetea mbele ya mahakama.

Nilikataa. Nilisema mambo ambayo sijawahi kumwambia mteja. Lakini Rahab alikuwa ameshaenda kumtoa Sultani, akarudi amembeba mabegani, paka mnene, rangi ya majivu, usingizi haujamtoka. Kamande alitaka washukiwa wasiopungua watano, kwa mujibu wa sheria. Kwa vile paka alikuwa mmoja, kando yake tulipanga birika, kiatu cha Injinia, kofia yake, na kiazi kimoja kikubwa. Rahab akamshika Sultani kwa mikono miwili, hatua sita kutoka kwenye karatoni. Wapita njia walianza kusimama.

— Shosh, akasema Kamande kwa sauti ya korti. Angalia vizuri. Usiogope mtu. Ni nani alikuumiza?

Shosh aliangalia kiatu. Akaangalia kiazi. Aliangalia paka, na paka akapiga miayo. Halafu ndege akainua kichwa, akafungua mdomo, na kwa sauti ya mzee Ngigi kabisa, ile sauti yake ya mafua, akasema:

— Haiya! Nimekufinya! Natalie asijue! Natalie asijue!

Sultani alirudi kulala kwenye mkono wa Rahab.

Hatukujua tumwangalie nani. Ngigi alikaa wima kama amepigwa picha. Akaficha mikono katikati ya magoti.

— Ni mimi, akasema. Hakuna paka. Jana jioni nilikuwa nafunga mlango ya kizimba. Miwani ilikuwa na ukungu wa chai. Sikuona ametoa mguu. Alipiga kelele mara moja tu, halafu akaniangalia. Mimi nimeachiwa kitu moja. Moja tu, nichunge. Nikamfinya na mlango.

Kamande akafungua kifungo cha koti, akakaa.

— Mzee, hapo umejiweka pabaya. Shahidi wako amekugeuka.

— Wewe Kamande, nyamaza, akasema Rahab. Sasa hata ugonjwa nimeuelewa. Huyu ndege haumwi mguu. Ameshikwa na siri. Siri ikikaa kwa kitu ndogo hivyo inashuka chini, inajaa miguuni.

— Kama maji kwa tangi ya dizeli, akasema Injinia. Inakaa chini. Lazima ufungue, imwagike.

— Basi imemwagika, nikasema.

— Bado, akasema Rahab. Lazima mzee aombe msamaha. Kwa magoti.

Mimi nilidhani Ngigi atakasirika. Ana miaka sabini na moja, na suruali yake hupigwa pasi kila siku. Lakini aliinuka, akashika siti, akapiga goti moja baada ya jingine kwenye vumbi la Bondeni, uso wake karibu na karatoni.

— Shosh, akasema. Nisamehe. Sikukusudia. Macho imeniisha na ninaona aibu kusema.

Watu waliosimama hawakucheka. Hata mwenye mkokoteni wa maji alizima redio yake.

— Baba?

Tuligeuka. Natalie alikuwa amesimama nyuma ya siti, begi mgongoni. Alipata gari la mapema Eldoret na alifika nyumbani akakuta mlango umefungwa, jirani akamwelekeza kwangu. Aliangalia baba yake kwenye vumbi. Akaangalia paka kwenye mikono ya Rahab, kiatu, kofia, birika, kiazi. Mwisho akamwona Shosh na njiti zake.

— Aki, ni nini mbaya?

Ngigi alimwambia. Hakuongeza paka, hakupunguza mlango. Alisema yote akiwa bado kwa magoti.

Natalie alishusha begi. Akamwinua baba yake kwa kwapa, akamkalisha mahali pake, akamkung'uta vumbi magotini kwa kiganja. Halafu akakaa kando yake na kuweka karatoni mapajani.

— Ni mguu gani? akauliza.

— Wa kulia, akasema Injinia.

— Kushoto, akasema Rahab.

— Kulia yake ama yetu? akauliza Kamande.

Natalie alitazama kila mmoja, akaona hatapata kitu. Akaniomba maji ya uvuguvugu. Alimfunika Shosh kichwa na shali yake, akalowesha plasta kidogo kidogo, akaitoa polepole kama mtu anayefungua barua asiyotaka kuipasua. Mguu wa kwanza ulikuwa mzima. Wa pili, kwenye kidole cha nyuma, ukucha ulikuwa umepasuka, na damu kavu kama mbegu ya ufuta.

— Ni ukucha, Baba. Utamea.

— Ukucha tu?

— Ukucha tu.

Plasta ya mwisho ilipotoka, damu ikatoka tena, tone moja. Akaniomba unga wa ngano. Nilimletea wa kaimati, akabana kidogo pale na kitambaa safi, akahesabu kimoyomoyo, akaachilia. Damu ikakatika. Akatoa gazeti, akatandika taulo yake laini, akasema kwa siku chache Shosh asipande kwenye kijiti cha juu, akae chini, pahali pa joto, pasipo na kelele.

— Nitakaa naye jikoni, akasema Ngigi. Redio nitazima.

— Na mimi nilimfinya mara mbili nikiwa Form Two, akasema Natalie. Mara moja na droo. Sikuwahi kukuambia.

Ngigi alimwangalia binti yake, mdomo wazi. Kisha akaanza kucheka, kicheko kidogo cha puani, na kikaendelea mpaka akatoa leso kufuta macho. Akachukua kikombe chake kilichopoa, akakinywa chote.

— Lazima ujue, akasema Injinia, kazi ya kwanza, ile ya njiti, ilisaidia sana. Ilishikilia chassis.

— Na gwaride ndio ilileta ukweli, akasema Kamande.

— Na mimi nilisema ni siri, akasema Rahab. Supu nitaleta jioni. Ya viazi.

Natalie alifunga begi lake. Akauliza polepole, kwa adabu, vile manesi huuliza:

— Na Baba alifika hapa saa ngapi?

— Saa nne, nikamjibu.

— Saa hii ni saa saba. Na hakuna mtu aliangalia mguu?

Injinia alivaa kofia yake, akaivua. Kamande alitazama barabarani, kama aliyeitwa na mtu. Rahab alimrudisha Sultani kwenye gunia na akachukua muda mrefu sana kumlaza vizuri. Mimi nilifunua birika, nikachungulia ndani, nikazungusha kijiko. Chini ilibaki tangawizi tupu.

— Kahawa imeisha, nikasema.