Kisanduku cha Bima

Kwenye treni ya asubuhi, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyebakiza siku tatu kustaafu, alikuwa akijaza fomu ya pensheni juu ya goti. Mama mmoja asiyemjua, aliyeketi pembeni, akaichungulia kana kwamba ni barua yake. "Mdogo wangu, hapo kwenye kisanduku cha bima ya matibabu usitie alama ya kukataa."

"Dada, wanakata kila mwezi! Mimi sijalazwa hata siku moja. Heri nimwezekee mke wangu paa. Msimu wa nne huu mvua inatuhamisha kitanda."

"Na mimi nilijiona chuma. Nilifua mashuka ya hospitali miaka thelathini, siku ya kustaafu nikakataa. Sasa figo zimegoma, na aliyekataa bima hapokelewi tena. Mashuka yale yale, leo kuyalalia siwezi."

"Si una watoto?"

"Ninao. Mkubwa ameuza pikipiki iliyokuwa ikimlisha, mdogo ameacha chuo. Mimi ndiye ugonjwa wao."

Fundi aliiinamia tena fomu. Akilini akamwona mkewe akisukuma kitanda peke yake. "Sasa nyumbani nikaseme nini?"

"Paa likivuja unakinga ndoo, mdogo wangu. Figo utaikingia nini?"

Treni ikasimama penye ofisi za pensheni. Fundi akashuka, kisanduku cha bima hajakigusa.