Nishani Isiyokuwa Yangu

Wazee wangu, shikamooni. Vijana wenzangu, salama? Mchungaji amenipa dakika chache, nami nikishika maneno siyaachi, kwa hiyo nivumilieni. Kwanza namshukuru Mungu aliyenisimamisha mbele yenu nikiwa sinuki pombe. Chekeni tu, wanaonijua wanajua.

Mimi ni mtu wa Bugarama, kule Ngara. Vita vilipoanza nilikuwa mgambo katika kijiji chetu cha ujamaa, nikaenda. Huko nikapata rafiki, kijana wa hapahapa Runazi, tukawa tunakula sahani moja. Siku moja tuliviziwa kwenye kinamasi cha mafunjo. Wenzetu wawili wakajeruhiwa, wakabaki katikati ya risasi. Ndugu zangu, nawaambia ukweli: mimi nililala kifudifudi kwenye matope nikamwita mama yangu. Rafiki yangu akaenda. Akamleta wa kwanza mpaka nilipolala, akanisukumia, "Mshike huyu!" Akarudi kumfuata wa pili. Nilimwona akianguka, na miili yao haikupatikana.

Woga ukanipa miguu, nikamburuta yule majeruhi, naye amezimia hajui nani kamwokoa, mpaka kwa wakubwa. Walimwona nani akitoka? Mimi. Wakaniuliza, "Umemtoa wewe?" Nikajibu, "Ndiyo, afande." Basi.

Vita vilipokwisha nikavishwa nishani ya ushujaa, ile ya juu kabisa. Jamani, shujaa hakosi pombe! Kila rubisi ilipoiva niliitwa nisimulie. Mwanzoni nilikuwa nimeokoa mmoja. Kufika mavuno ya maharage nilikuwa nimebeba watatu, na bunduki zao juu! Mke wangu akachoka, akarudi kwao. Nilikunywa ili nisimwone rafiki yangu, naye nilimwona vilevile.

Ndipo nikaalikwa harusi hapa Runazi, nikaja na nishani yangu kifuani. Mnajua desturi yetu, anayekukaribisha pombe huionja kwanza mbele yako, ujue haina ubaya. Mama mmoja mtu mzima akaniletea kibuyu, akapiga goti, akaonja, akanipa. Kisha akaniuliza taratibu, "Baba, wewe ulikuwa huko vitani. Mwanangu, watu wanasema alitoroka jeshi, ati ameoa Burundi. Hata kumlilia sijaweza. Hukumwona?" Akanitajia jina.

Lo! Rubisi yote ikanimwagikia. Mama wa watu amenipigia goti, mimi! Nikasema, "Mama, hakutoroka. Nishani hii ni yake." Nikaeleza yote, bwana harusi na wageni wakisikia. Nikangoja anizabe kofi.

Akauliza jambo moja tu. "Alipoanguka, alikuwa anakimbia?"

"Hapana, mama. Alikuwa anakwenda kumchukua mwenzake."

Akasimama, akapaza sauti, "Mmesikia? Nyote mmesikia?" Ndipo akalia. Bibi harusi mwenyewe akaketi chini, akamshika.

Mwenyekiti wa kijiji akanisindikiza wilayani nikatoe maelezo upya. Nilikwenda nikijua naweza kufungwa. Wakaandika, wakasema watapeleka juu, na mpaka leo tunangoja. Nishani nikampelekea mama. Akaigeuzageuza, akasema, "Hiki chuma sikijui, baba. Mimi nilitaka kumlilia mwanangu, na nimemlilia." Akanipa jembe, tukaenda kupalilia mihogo yake. Tangu siku ile sijaonja rubisi.

Namshukuru mwenyekiti, hakuniacha njiani. Namshukuru mke wangu, amerudi, na nyumbani tunacheka tena. Nanyi watu wa Runazi, mlikuwa na kila sababu ya kunifukuza, mkanipa kiti. Asanteni sana, sina la kuwalipa.

Neno langu ni hili: kama umesifiwa kwa kazi ya mwenzako, sema, hata kama umechelewa. Yuko mtu anayeteseka kwa kunyamaza kwako.

Naona mmeanza kunipigia makofi. Hapana, acheni. Mama yupo pale benchi la mbele, mwenye khanga ya kijani. Simameni, tafadhali. Huyo ndiye mama wa shujaa.