Gurudumu la Kumi na Mbili la Bwana Kopo

Ndugu waombolezaji, familia imenipa mimi, mdogo wake anayemfuata, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu, nami nimeipokea ingawa wengi wenu mnajua kwamba kuna miaka tisa tulisalimiana kwa kichwa tu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya stesheni, mtoto wa kwanza wa dereva wa treni, akaanza shule mwaka 1959 na kumaliza mwaka 1966, na huko ndiko alikopewa jina la Bwana Kopo, kwa kuwa hakuna kopo la maziwa lililotupwa akiliona.

Tarehe 2 Januari 1970 aliajiriwa karakana ya reli akiwa mkereza vyuma, fundi wa kuchonga vyuma kwa mashine, akatumika miaka thelathini na sita bila barua hata moja ya onyo, na tarehe 9 Desemba 1978 alimuoa shemeji yangu, fundi cherehani ambaye pini zake zilianza kupotea wiki ileile, wakajaliwa mabinti wawili, muuguzi na mwalimu.

Sifa yake kubwa ilikuwa kuunda vichwa vya treni vidogo, vya kutosha kiganjani, na kuvipeleka mashindanoni, ambako kila mshindani hujaza fomu ya kutaja vipande alivyonunua vikiwa tayari, naye kwa miaka ishirini na mbili aliandika neno moja, hakuna, maana ngazi alizikata kwenye kopo, na vishikio vilikuwa zile pini za shemeji. Mimi nami nilishindana, ila nilinunua dukani taa, kengele na magurudumu, na mwaka 2009 nikamshinda kwa alama mbili. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini kaka hakuwasikia, akatangaza ukumbini kwamba kombe apewe mwenye duka, nami nikamjibu maneno ambayo sitayarudia mbele ya jeneza lake. Hasira hasara.

Mwaka 2018 mikono yake ilianza kutetemeka, kichwa cha treni alichokuwa akikiunda kikakwama kwenye magurudumu kumi na moja kati ya kumi na mawili, na binti yake muuguzi akanipigia simu. Nilifika tarehe 20 Agosti na gurudumu la dukani mfukoni, akalitazama, akalisifu kwa dhati, akalirudisha mfukoni mwangu, kisha akanisogezea kopo, mkasi na tupa. Nilihangaika siku kumi na saba, yeye akinielekeza kwa kidole kisichotulia, likatoka limepinda, nikaomba nilirudie, akakataa. Waamuzi walitukata alama, tukawa wa nne, lakini kwenye fomu, pale pa neno hakuna, aliandika kwa mkono unaotetemeka: gurudumu moja, kazi ya mdogo wangu, halikununuliwa.

Miaka sita iliyofuata tulishiriki meza moja na ubishi uleule, hadi alipolazwa tarehe 11 Mei 2024, akafariki Jumanne tarehe 4 Juni, saa nne asubuhi, akiacha mjane, mabinti wawili na wajukuu watano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa karakana, majirani waliotuletea makopo matupu mpaka juzi, na mwenye duka la vipande, aliyekuja licha ya yote aliyosemwa.

Kaka, kichwa chetu cha treni kiko hapa mezani, gurudumu langu bado limepinda, na sitalinyoosha. Pumzika kwa amani.