Nilimkumbuka Mwanangu Akiwa Mbele Yangu

Wazazi wenzangu, wakubwa shikamooni. Nakaa Pasua, nina binti wa miaka tisa. Leo nitasema.

Mwanangu alikuwa hatulii. Darasani anasimama, anatoka, daftari halina hata ukurasa mmoja uliokamilika. Nilimchapa, ndugu zangu, sifichi. Nilidhani ni ukaidi, mpaka daktari wa watoto aliponieleza kuwa ana ADHD, akili yake inashindwa kukaa kwenye jambo moja. Tukaanza dawa. Dozi ya kwanza hatukuona tofauti. Daktari akaiongeza, kisha akaiongeza tena.

Binti akatulia. Mwalimu akanipongeza, majirani wakanipongeza, na mimi nikafurahi. Lakini nyumba ilikuwa kimya. Mtoto aliyezoea kuimba akioga na kugombana na kuku, sasa anakaa kwenye kochi anaangalia ukuta. Chakula hagusi. Nawaambia, nilikuwa namsuka nywele, kichwa chake kiko magotini pangu, na bado namkumbuka kama mtu aliyesafiri. Na sikumwambia daktari. Niliogopa atasema tuache dawa, turudi kule tulikotoka.

Jumapili moja tukapanda Uru kwa bibi yake. Mama mkwe wangu alikuwa amempikia mtori, binti akautazama tu. Bibi akamwinua kidevu, akaniuliza, "Umeniletea nani huyu? Mjukuu wangu yuko wapi?"

Nililia pale pale jikoni.

Kesho yake nilikuwa kliniki. "Daktari, mwanangu ameacha kucheka."

Hakunigombeza. "Mama, mbona hukuja mapema? Hatumpi dawa ili anyamaze." Akapunguza dozi, akaniambia niandike kila siku anavyokula, anavyolala, anavyocheka.

Tulirekebisha dozi mara mbili. Halafu siku moja akatoka shule, akakaa, akamaliza hesabu zote. Alipofunga daftari akaanza, "Mama, kwa nini mbuzi jike naye ana ndevu?" Hakunyamaza mpaka ugali ukaiva. Nilikuwa nausonga huku machozi yananitoka.

Namshukuru mama mkwe wangu, daktari, na mwalimu aliyekubali kumkalisha dawati la mbele. Nanyi mlionisikiliza bila kunicheka, asanteni sana.

Ukiona mwanao ametulia, mwangalie usoni. Ukimkosa, dawa usiipunguze mwenyewe, wala usikae kimya kama mimi. Nenda ukaseme. Kuna wiki nyingi za sauti yake nilizozipoteza kwa woga wangu. Hizo bado nazililia.